Usingizi, Mashaka na Siku za Mwezi

Yako mambo ambayo kila mtu anayajua, lakini ni wachache wanaoyataja. Hedhi ni moja katika mambo hayo. Nusu ya wanadamu huishi nayo kwa miaka mingi, na nusu ya pili isingalizaliwa kama hedhi isingalikuwako. Hata hivyo neno lenyewe hutamkwa kwa mnong'ono, kama jina la mdai aliyesimama mlangoni. Zamani, katika miji ya pwani yetu, mwari aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfundisha usafi, adabu na siri za mwili. Siku hizi wasichana wengi hawana somo. Mama ana haya, mwalimu ana haraka, na msichana hujifunza kwa wenzake, ambao nao hawakufundishwa na mtu.

Nimekuwa mwalimu na mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka mingi. Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji, si juu ya hedhi yenyewe, bali juu ya siku chache zinazoitangulia. Nataka kukuonyesha kwamba uzito wa siku hizo hutegemea sana vitu viwili, yaani mashaka ya moyo na usingizi. Ukiwa msichana, habari hii ni yako. Ukiwa mvulana, una dada, una wanafunzi wenzako, na pengine siku moja utakuwa mwalimu, tabibu, au baba wa binti. Kwa hiyo habari hii ni yako pia. Usifunge kitabu.

Siku chache kabla ya damu kuja, wasichana na wanawake wengi huona mabadiliko. Matiti hujaa na kuuma. Tumbo huvimba. Kichwa hugonga. Chunusi hutokea usoni, na hamu ya vitu vitamu huongezeka. Hayo ni ya mwili. Ya moyoni ni mengine: hasira za ghafula, machozi yasiyo na msiba, wasiwasi, uchovu, na fikira zinazokataa kutulia juu ya kitabu. Si kila mtu huyapata yote, wala hayaji kwa nguvu sawasawa. Kwa wengine hayapo kabisa. Kwa wengine ni manyunyu. Kwa wachache ni gharika. Alama inayoyatambulisha ni majira yake. Huonekana katika siku 5 hivi kabla ya hedhi, pengine mapema zaidi. Huondoka katika siku 4 za kwanza tangu damu kuanza. Kisha hurudi mwezi unaofuata. Jambo linalokuja na kuondoka kwa kalenda namna hii haliwezi kuwa tabia mbaya. Tabia mbaya haina kalenda.

Mwaka 1931 daktari mmoja wa Marekani, Robert Frank, aliandika juu ya hali hii akaiita mkazo unaotangulia hedhi. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Uingereza, Raymond Greene na Katharina Dalton, waliona kwamba neno mkazo halitoshi, kwa kuwa dalili ni nyingi kuliko hilo. Wakaipa hali hii jina ambalo vitabu vya utabibu hulitumia mpaka leo, na kwa lugha yetu maana yake ni jumla ya dalili za kabla ya hedhi. Wanawake walikuwa wameijua tangu kale. Kilichochelewa ni jina tu.

Sasa tuutazame mwili unavyofanya kazi. Mwanamke ana mwezi wake, usiofuata mwezi wa mbinguni wala wa kalenda ya ukutani. Kwa mtu mzima mzunguko huu huwa baina ya siku 21 na 35. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni waweza kufika siku 45, na kuyumbayumba kwake katika miaka ya mwanzo si ajabu. Kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi, yai moja hutoka katika ovari. Mahali lilipotoka hugeuka kuwa tezi ndogo ya muda, inayotoa homoni iitwayo projesteroni. Homoni ni wajumbe wa mwili: hutoka katika tezi, husafiri katika damu, na hupeleka amri katika viungo vya mbali, na ubongo ni kimojawapo. Mimba isipotunga, tezi ile hunyauka. Projesteroni na mwenzake, estrojeni, hushuka, na siku chache baadaye damu huja. Dalili tunazozisema hukaa katika kipindi hicho cha kupanda na kushuka.

Mtu aweza kudhani kwamba wanaosumbuka wana homoni nyingi kuliko wenzao. Sivyo. Utafiti uliotangazwa nchini Marekani mwaka 1998 ulihusu wanawake wenye dalili kali na wanawake wasio na dalili. Homoni zao zilizimwa kwa dawa, kisha zikarudishwa kwa kiasi cha kawaida. Wale wa kwanza walirudiwa na majonzi na hasira. Wale wa pili walipewa homoni zile zile wasione kitu. Basi tofauti haimo katika wajumbe, bali imo katika sikio la ubongo linalowapokea. Msichana mmoja husikia hodi ya kawaida. Mwenzake husikia hodi ile ile kama kishindo. Kumwambia huyu wa pili kwamba anajidai ni kama kumlaumu mtu kwa sababu jua linamuumiza macho.

Ikiwa sikio hilo ndilo lenye kuamua, yatupasa kuuliza ni nini kinacholifanya lisikie kwa ukali zaidi. Hapo ndipo yanapoingia mashaka na usingizi.

Nianze na mashaka, au msongo wa mawazo kama unavyoitwa siku hizi. Mwanadamu akiona hatari, tezi mbili zilizo juu ya figo zake humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na usingizi hukimbia. Hayo ni mema kwa mtu aliyekutana na chui njiani, kwa maana yampasa akimbie au apigane. Lakini mwanafunzi hakutani na chui. Hukutana na karo isiyolipwa, mtihani unaokaribia, habari kwamba mama ni mgonjwa, au rafiki aliyegeuka. Chui huondoka; karo hukaa pale pale. Kwa hiyo mwili hubaki umesimama kama askari ambaye zamu yake haiishi, na askari aliyechoka hushtuka kwa kila jani linaloanguka.

Katika utafiti mmoja uliofanywa Buffalo, katika jimbo la New York, na kutangazwa mwaka 2010, wanawake zaidi ya 250 waliulizwa habari za mashaka yao na habari za dalili zao. Waliokuwa na mashaka mengi katika mwezi uliotangulia ndio walioelekea kuwa na dalili nyingi na kali zaidi hedhi ilipokaribia. Liangalie vizuri jambo hili, msomaji. Uzito wa siku zile hautoki katika siku zenyewe peke yake. Wasiwasi wa wiki ya kwanza waweza kuja kudai malipo yake katika wiki ya nne, wakati msichana amekwisha kusahau kwamba alikopa.

Kwa msichana wa Kenya yako mashaka mengine ambayo vitabu vya ng'ambo havikuyataja sana. Asiye na sodo hulala akiwaza damu itakuja wapi: darasani, katika foleni ya chakula, au mbele ya wavulana. Sketi yake ni moja, na mashuka yake ni mawili. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya nchi hii ilirekebishwa ili kila msichana wa shule ya umma aliyevunja ungo apewe sodo bila malipo. Shabaha ya sheria hiyo ilikuwa usafi na mahudhurio. Mimi naiona shabaha ya tatu: pakiti ya sodo iliyomo sandukuni huondoa hofu, na hofu ikiondoka msichana hulala.

Tumefika kwenye usingizi. Projesteroni hupandisha joto la mwili kwa sehemu 3 hadi 5 za kumi za digrii. Joto hilo ni dogo, lakini mwili hupenda kupoa kidogo ndipo ulale vizuri. Ndiyo sababu wanawake wengi husema kwamba katika siku za kabla ya hedhi hulala usingizi wa juu juu, huamka usiku, na kupambazukiwa wakiwa wamechoka. Basi siku zile zile mwili unapohitaji mapumziko zaidi, ndizo siku ambazo mapumziko huwa haba. Mtu aliyekosa usingizi husikia maumivu kwa ukali, na hasira yake hukaa karibu na ulimi. Hilo ni kweli kwa mwanamume na kwa mwanamke. Umweke msichana huyo katika siku zake za kabla ya hedhi, nawe umemtwika mizigo miwili.

Tufanye hesabu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Serikali yetu nayo, katika kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, iliweka wakati wa kulala katika shule za bweni kuwa tangu saa tatu na nusu ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Lakini kanuni iliyo kwenye karatasi na kengele iliyo kwenye mti ni vitu viwili. Katika shule moja niliyofanya kazi taa zilizimwa saa tano ya usiku, na kengele ya kuamka ililia saa kumi na nusu ya alfajiri. Hizo ni saa 5 na nusu. Ukilinganisha na saa 8, kila usiku mwanafunzi alipungukiwa na saa 2 na nusu. Kwa siku 6 za juma alidaiwa saa 15, karibu sawa na usiku mbili nzima. Na bado sijawahesabu wale waliosoma kwa tochi chini ya blanketi, wakiamini kwamba usingizi ni mali ya wavivu.

Hivyo gurudumu huanza kuzunguka. Mashaka hufukuza usingizi. Usingizi ukikosekana dalili huzidi. Dalili zikizidi msichana hushindwa kusoma. Akishindwa kusoma mashaka huongezeka. Na gurudumu hilo laweza kumpeleka mtoto mwema katika daftari la adhabu.

Nilimwona mmoja. Alikuwa wa Kidato cha Tatu, mpole na msikivu. Lakini jina lake lilionekana katika daftari hilo kila mwezi: amesinzia darasani, amemjibu kiranja kwa ukali, amelia bila sababu. Nilipozipanga tarehe niliona kwamba kati ya kosa na kosa palikuwa na siku 28 au 29. Nikampa daftari dogo, nikamwomba aandike mambo manne kila siku: saa aliyolala, saa aliyoamka, hali ya moyo wake kwa alama kutoka 0 mpaka 3, na siku ya hedhi. Mwezi wa kwanza alama za 3 zilikusanyika katika siku 4 kabla ya damu, zikatoweka siku ya pili ya damu. Mwezi wa pili ulikuwa wa mitihani, na baba yake alikuwa ameachishwa kazi. Alilala kidogo sana. Safari hii alama za 3 zilikuwa siku 8.

Mwezi wa tatu tulipatana na matroni, naye akamruhusu alale saa tatu na nusu kila usiku, akiacha masomo ya ziada. Msichana alikubali kwa shingo upande, kwa maana aliona kama anawaachia wenzake uwanja. Dalili hazikukoma. Matiti yaliuma, na siku moja alilia. Lakini alama za 3 zilikuwa siku 2 tu, na daftari la adhabu halikuwa na jina lake. Sisemi kwamba msichana mmoja ni ushahidi wa dunia nzima. Mzunguko mmoja waweza kuwa mwepesi kuliko mwingine bila sababu tunayoijua. Nasema kwamba kabla ya daftari lile aliamini yeye ni mtu mbaya, na baada yake alijua ana mwili wenye majira. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtoto wa miaka 16.

Yako makosa mawili ambayo watu hufanya juu ya jambo hili. La kwanza ni kulipuuza. Husemwa kwamba mama zetu hawakuwa na mambo haya, kana kwamba mama zetu waliulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni kulikuza mpaka liwe fimbo ya kumpigia mwanamke. Msichana akikataa kuonewa, huambiwa ni siku zake. Akigombea ukiranja, huulizwa ataongozaje mtu ambaye hubadilika kila mwezi. Mwaka 1960 Katharina Dalton, niliyemtaja, alitangaza kwamba alama za wasichana wa shule nchini Uingereza zilishuka kidogo katika siku za kabla ya hedhi, na wako waliofurahi kuisikia habari hiyo. Lakini wachunguzi waliomfuata walilipima jambo hili mara nyingi, na kwa jumla hawakuona kwamba akili ya mwanamke hupungua kwa sababu ya mwezi wake. Kinachoweza kupungua ni utulivu, na usingizi, na nguvu ya kuvumilia. Vitu hivyo hupungua pia kwa mvulana ambaye hajalala. Tofauti ni kwamba yeye hapewi jina kwa ajili yake.

Basi msichana afanye nini? Kwanza, aandike. Miezi 2 au 3 ya kuandika yatosha kumwonyesha kama taabu yake hufuata hedhi au hutoka mahali pengine. Pili, alale. Asingoje siku zile zifike ndipo aanze. Ajiwekee saa moja ya kulala na aishike mwezi mzima, kwa kuwa tumeona deni huanzia mbali. Asinywe kahawa wala chai ya rangi tangu jioni, aiweke simu mbali na kitanda akiwa nyumbani, na ajifunike kidogo katika zile siku za joto. Tatu, auzoeze mwili wake: kutembea, kukimbia, kucheza mpira wa wavu. Mazoezi hupunguza mashaka na huleta usingizi, na hayana gharama. Nne, apange kazi. Akijua kwamba wiki fulani itakuwa nzito, amalize insha ngumu wiki iliyotangulia. Huko si kujidekeza. Nahodha hutazama majira ya pepo kabla ya kutweka tanga, wala hakuna amwitaye mwoga.

Tano, aseme. Mficha maradhi kilio humfichua. Ikiwa kila mwezi siku hizo humfanya ashindwe kabisa kuhudhuria masomo, au humtia katika huzuni nzito hata akawaza kujidhuru, hilo si jambo la kuvumilia kimya. Na awe nayo siku yoyote, mawazo ya kujidhuru hayangojei kalenda. Amwendee mara moja mtu mzima anayemwamini, kisha muuguzi au daktari. Iko namna kali ya hali hii ambayo huwapata wachache, nayo tangu mwaka 2013 imo katika orodha kuu ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani. Ina matibabu, na mwenye kuipata hana lawama.

Kwako wewe mvulana sina maneno mengi. Usifanye mzaha. Mwenzako akiwa kimya, mwache akae kimya. Akikujibu kwa ukali, mjibu kama ambavyo ungependa ujibiwe baada ya usiku wa kuuguza jino.

Na kwa wale wanaoshika kamba ya kengele, nina ombi moja. Hatuwezi kuisimamisha projesteroni isipande wala isishuke. Hatuwezi kulipa karo za watoto wote, wala kuwaondolea mitihani. Katika vyote vinavyouongeza uzito wa siku zile, kipo kimoja tu ambacho shule inaweza kukipunguza usiku wa leo bila senti hata moja, nacho ni upungufu wa usingizi. Kanuni imekwisha kuandikwa. Saa 8 na nusu ziko pale kwenye karatasi, na wasichana wako kule bwenini wakizingoja.